Mwaka ya Fete Bila Kwisha

Kikwembe mupya ikilowa na mvula, arufu ya rangi yake inachokesha magulu yangu mpaka leo.

Mwaka ile, mu Kamina fete, sherehe ya wakubwa, haikuisha: ya parti, chama ya serikali, ya basoda ba jeshi, ya ministre kuya kufungula bomba ya mayi. Kila mara batoto na bamama tulicheza ngoma ku barabara, tumevaa kikwembe mupya ya parti. Masomo ilinishinda mu darasa ya troisième, lakini kucheza, minyi ningepata diplome.

Fete ya mwisho, tulingojea mugeni mukubwa ku njia ya Base, kiwanja ya ndeke, tangu asubui, mvula inatupiga. Mama alikuwa karibu kuzaa, magulu imemuvimba. Lakini aliogopa kuketi, juu mwenye kuketi walisema anakatala parti.

Njo ndeke ikapita juu yetu, ikaenda zake bila kushuka.

"Tucheze tu," chef wa kartie, mukubwa wa mutaa yetu, akasema. "Atatuona toka kule juu."

"Kama anaona toka kule, baba, aone na hii tumbo," mama akajibu. Akaketi mu matope.

Nikashika mukono ya mama. Chef akaangalia mawingu, akavula viatu, akaketi karibu yake.

"Sogea kidogo, mama. Minyi pia magulu inakufa."