Mwenye Kitabu cha Maduka

Hebu mwone anavyofika mtaa wa Alunguli, ng'ambo ya mto: suruali imekunjwa hadi magotini, kwapani kitabu anachokichapisha mwenyewe kila mwaka kutangaza maduka madogo ya Kindu. Kabla ya kusalimia hugeuka, akatazama njia aliyopita na kuinong'ona, kama atakavyowaandikia wasomaji: mtoni, msikiti mdogo, kinu, mlango wa buluu. Adèle, mshonaji ambaye mwezi mzima hajapata mteja na mumewe ameanza kusema warudi Kailo kulima, hainui macho kwenye cherehani. "Muntu gani anasoma karatasi leo, papa? Wote wako ku simu."

"Simu njo nzuri, mama. Lakini unaita tu muntu unayemujua." Anatoa mfukoni kitabu kingine, cha mwaka wa vita, analamba kidole, anakifunua, anamwonyesha jina la mama mwoka mikate ambaye mkate wake unaliwa mji mzima hadi leo.

"Huyu si alikuwa amekimbilia porini?"

"Njo vile. Nikamuandika tu. Aliporudi, alikuta wageni mlangoni, kitabu mkononi, wanauliza mkate." Anasema polepole, bila kujisifu, kalamu tayari juu ya ukurasa mtupu. Ungekuwa Adèle, ungemtajia jina lako, au ungengoja simu ilie?