Ahadi ya Gajanan kwa Kunguru

Harusi gani mjini Nashik ilinoga bila droni ya Gajanan kumnyeshea bibi harusi mawaridi? Baba yake tu, mzee Narhari, mfua vyombo vya shaba, ndiye aliyeona aibu. "Mwanamume mzima unarusha nzi wa plastiki," alikuwa akisema, "na kazi ya babu zako umeitupa." Alisema hivyo mpaka akakata roho.

Basi ukistaajabu ya Musa! Siku ya kumi ya matanga, majivu ya Narhari yalipanda angani ndani ya nzi yule yule. Gajanan alidhani anamuenzi baba. Alimnyunyiza taratibu juu ya mto Godavari, na mawaridi makavu ya harusi ya juzi, yaliyonasa katika sanduku la droni, yakamsindikiza. Kisha akaiacha droni hewani ipige picha za kumbukumbu.

Ukingoni matonge ya wali yaliwangoja kunguru. Kunguru akidonoa, marehemu karidhika. Asipodonoa, kuna jambo limemkaa rohoni, na walio hai sharti waahidi mpaka adonoe.

Kunguru walijaa tele juu ya paa la hekalu, wala hawakubanduka.

"Kaka, nyumba tutaipaka rangi," akaahidi Vithal, mdogo wa marehemu. Hakuna aliyeshuka. "Na kisima tutakichimbua." Kunguru mmoja akajikuna.

Jua likawa kali. Indubai, mjane, akaanza kulia. "Ameondoka na kinyongo. Mume wangu anatangatanga huko na njaa yake."

"Kinyongo chenyewe tunakijua sote," Vithal akamwambia Gajanan. "Usijitie hamnazo."

"Baba mdogo, hii ndiyo riziki yangu."

"Na yule ndiye baba yako."

Chaji ilikuwa inakwisha. Gajanan aliishusha droni, na machozi ya mama yake yakamshinda. "Baba," akasema, "nitaiuza. Nitarudi kwenye shaba."

Mapanga ya droni yakanyamaza. Papo hapo kunguru wakashuka kundi zima, wakagombania wali.

Gajanan akaduwaa. Kumbe muda wote ule walikuwa wanaogopa mngurumo tu, maskini! Akafumbua kinywa chake aeleze.

Indubai alikuwa amekwisha kumshika mkono. Tangu msiba uingie hakuwa ametabasamu, na sasa alitabasamu. "Umeona, mwanangu? Amekusikia."

Gajanan akayameza maelezo yake.

"Ndiyo, mama. Amesikia."