Bati Juu ya Paa la Jirani

Hakuna maneno yanayonipandisha hasira kama "piga simu tu." Mdogo wangu wa kike alipoondoka kupitia wakala wa mjini kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, kila aliyekuja kumuaga alituambia hivyo: siku hizi hakuna mbali, piga simu tu. Mama yangu hasikii. Masikio yake yalianza kupotea mimi nikiwa shuleni, na mdogo wangu alipopanda ndege yalikuwa yamekwisha kabisa. Husoma midomo. Nyumbani kwetu tumezoea kuzungumza naye bila sauti, tunachezesha midomo polepole, uso ukiwa kwenye mwanga, kwa sababu kupaza sauti ni kujichosha bure na kuwachekesha majirani. Sasa mtu kama huyo umpigie simu ili iweje?

Ikabaki video. Mdogo wangu alikuwa akipewa simu siku ya Ijumaa tu, baada ya chakula cha mchana, na kila Ijumaa nilivuka mto kwenda Sabaki kwa mama ili nimshikie simu. Lakini mtandao wa simu pale ni wa kubahatisha. Sauti inapita, picha inakwama. Mdogo wangu anafungua mdomo aseme neno, mdomo unaganda vilevile, wazi, na mama anabaki anautazama. Katikati ya mazungumzo hata sauti ilikuwa inapotea kidogo, kisha inarudi akisema, "Haya mama, nisalimie wote." Mimi naulaani mtandao, halafu namweleza mama niliyoyasikia: yuko salama, anakusalimu.

"Uongo," mama anasema, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia. "Sijamwona akisema."

Mtaniuliza kwa nini nisimlete kwangu Malindi, ambako intaneti ni nzuri. Nyinyi hamumjui mama. Magoti yake hayataki ngazi za nyumba yangu, na yeye mwenyewe hataki kukanyaga mjini kwenye nyumba isiyo na kuku. Nimembembeleza mpaka nimechoka.

Basi nikatafuta fundi. Alikuwa mwenyeji wa Gede, mtu wa makamo mwenye mkoba wa spana na maneno mengi, anayefungia mahoteli mitandao. Akanieleza kwamba intaneti yangu ya mjini inaweza kurushwa hadi kwa mama bila waya. Kisahani kimoja kikae juu ya paa langu, kingine kwa mama, viangaliane uso kwa uso. Kimoja kitoe, kingine kipokee. Sharti ni kwamba kusiwe na kitu katikati.

"Visipoonana havisemezani," akasema.

Nikamwambia kumbe ni vya ukoo wetu.

Alianza Sabaki. Akasimamisha mti wa boriti ukutani kwa mama, akakaza kisahani juu yake, akakielekeza mjini. Lakini kwanza alikaa jamvini na visahani vyote viwili akivifundisha, maana vikitoka dukani vyote hubeba namba moja, na ukiviwasha hivyo vinagombana. Kila kimoja akakipa namba yake, vyote viwili akavipa jina moja na neno la siri moja. Mama alimtazama muda wote akitafuna tambuu. Mwisho akauliza kwa kelele kama vitu hivyo vinakula nini. Fundi akamjibu huku ameinama, na kwa hivyo mama hakupata jibu.

Ijumaa ikawa siku ya kukifunga kisahani cha kwangu. Mimi nilikaa Sabaki kutazama taa za kisahani cha kule, mume wangu akamwachia fundi ufunguo wa darini akaenda zake msikitini. Nikamsikia fundi kwa simu, yuko juu, anasogeza kidogo kulia, kidogo juu. Taa ya kwanza ikawaka, ya pili, zikawaka zote. Ijumaa ile mdogo wangu hakupewa simu, lakini jioni tulimpigia mume wangu video ya kujaribu. Picha ilikuwa safi hata mama akamsoma neno kwa neno, akamwambia amenenepa. Nililala kwa furaha, nakiri.

Siku ya tatu taa zikazimika zote isipokuwa ya umeme.

Nikampigia fundi. Akasema zima, washa. Nikazima, nikawasha. Akasema ni chumvi ya bahari. Siku nyingine akasema ni upepo, na siku nyingine akadai, akiwa amekaa kwao Gede hajaona kitu, kwamba kuku wa mama wametikisa mti. Kuku! Mti ule hata mimi nikiukumbatia hautikisiki. Wakati huo Ijumaa zilikuwa zinakuja na kupita, na sisi tumerudi kwenye mtandao wa simu na ule mdomo ulioganda. Mama aliacha kuniuliza amesema nini. Alinirudishia simu tu akaenda kuwatupia kuku mahindi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nikaamua kupanda darini mwenyewe. Na hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu mtoto mdogo analijua. Nyumba za mji wetu wa kale zimebanana, na kila nyumba ina uani wake ulio wazi juu. Huko uani ndiko mwanamke anakooga, anakochana nywele, anakokaa na leso moja akipunga upepo. Kwa hiyo mtu yeyote anayetaka kwenda juu, awe mgema anayepanda mnazi au fundi wa paa, husimama kwanza chini akapiga ukelele: napanda, jistirini! Anangoja. Akijibiwa ndipo anapanda. Nami, ingawa ni mwanamke, niliita kabla ya kutia mguu kwenye ngazi.

Nilipofika juu nikaliona. Juu ya paa la jirani, upande wa kaskazini, mbele kabisa ya kisahani changu, lilisimama bati jipya linalong'aa, limepigiliwa kwenye mbao mbili. Halikuwa limezuia mvua wala jua. Lilikuwa limezuia kisahani changu. Nilishuka zile ngazi, nikajitupia buibui, nikaenda kubisha.

Jirani yangu huyo ni mjane wa makamo ya mama, ambaye mtaa mzima tunamwita Bi mkubwa, na ambaye nilikuwa nikimpelekea mahamri kila Ramadhani. Nilikumbuka kila hamri.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Ikiwa umekuja kwa lile jicho lako, rudi."

"Lile si jicho. Ni kisahani cha mtandao."

"Si jicho na lina taa? Lanikodolea usiku kucha. Mimi Ijumaa nimekaa uani kwangu, kichwa wazi, nachana nywele, nainua uso, mwanamume! Kanielekezea dude lake. Hakubisha, hakuita. Umri wangu huu, nije nivunjiwe heshima na mtu wa nyaya?"

Hapo ndipo nilipolijua jambo lenyewe. Fundi aliona wanaume wameingia msikitini, vichochoro vimekauka, akajiambia mtaa hauna mtu. Hauna mtu! Mtaa mzima wa wanawake ulikuwa ndani, na saa ile hasa ndiyo wanayojiachia, kwa kuwa wanaume wametoka. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu nimeyapanga mlangoni, makali kweli, na sasa sikuwa na wa kumpa, maana bibi huyu alikuwa na haki. Nilizidi kukasirika.

Nikamweleza habari za mama. Alimjua, waliwahi kucheza ngoma ya lelemama pamoja ujanani. Akapangusa macho kwa pembe ya leso, lakini bati hakuliondoa.

"Mamako nampenda," akasema. "Lakini huyo fundi wako aje asimame hapo nje aite, kama watu wanavyoita. Ndipo wakwe zangu watalishusha."

Fundi nilimpigia simu kwa maneno ambayo sitayaandika. Alipokuja alikuwa naye amenuna.

"Dada, mimi ni fundi wa mitandao. Mimi si mgema."

"Mgema anakushinda adabu," nikamwambia. "Ita."

Akasimama kichochoroni na mkoba wake. Akasema kwa sauti ya kuchungulia, "Napanda."

"Sijasikia!" ikatoka ndani.

"Napanda! Jistirini!"

"Nani wewe?"

"Fundi!"

"Fundi wa wapi asiye na salamu?"

"Shikamoo, Bi mkubwa! Ni fundi wa Gede! Kumradhi kwa siku ile!"

"Haya, ngoja basi."

Akangojeshwa juani mpaka shati likamganda mgongoni, na madirisha yote ya kichochoro yakiwa na macho nyuma yake. Kisha bati likashushwa. Fundi akakipandisha kisahani juu kidogo, akazibandika zile taa utepe mweusi, akamwonyesha Bi mkubwa kimoja cha aina ile mkononi, akakigeuza mbele na nyuma ahakikishe hakina kioo cha kamera. Taa za Sabaki zikawaka zote.

Ijumaa iliyofuata mdogo wangu alipewa simu. Alitokea kwenye kioo mzima, na kidoti chake cha juu ya mdomo nikakiona. Mama alikishika kioo kwa kidole. Kando ya mdogo wangu, kwenye kochi, alikaa tajiri wake, mama wa nyumba ile. Watu wale wazee wao walikaa Unguja, na Kiswahili wanakijua kama sisi.

"Mama, hujambo? Wala vizuri?" mdogo wangu akasema, na mama akacheka, kwa kuwa aliyaona maneno.

Kisha mdogo wangu akageukia dirishani, akampa yule mwanamke mgongo, na sauti ikakatika. Midomo inakwenda, sauti hakuna. Fundi yule, baada ya yote yale! Nikanyoosha mkono niichukue simu, mama akanishika kifundo cha mkono akakibana. Hakuniangalia. Na mama yangu, ambaye akiomba chumvi wanasikia mpaka mtoni, akajibu bila sauti, kwa midomo peke yake.

"Haya mama, nisalimie wote," sauti ya mdogo wangu ikarudi, na kioo kikazimika.

"Nampigia fundi," nikamwambia mama kwa midomo. "Sauti imekatika tena."

"Muache fundi," akasema mama kwa kelele. "Haikukatika. Hakuitoa. Mwanangu apigwa. Pasipoti wameificha, na mlango wafungwa kwa nje. Ataka kurudi. Asema aliniambia kila Ijumaa. Alidhani nimemwona nikanyamaza."

Mama akasimama, akaliondoa buibui lake kwenye msumari.

"Yule wakala aliyempeleka ofisi yake iko wapi hapo mjini?" akauliza. "Nipeleke."

Alikuwa ameshafika barabarani na magoti yake yale, na mimi bado natafuta kiatu.