Siku Niliyovaa Sweta la Tekla

Nyie, kuna aibu za kuchekwa zikapita, na kuna hii yangu ambayo hata waliokuwepo hawakucheka vizuri, na ndiyo maana naiandika badala ya kuisimulia, kwa sababu kila nikianza kuisimulia sauti inanibadilika (nitafika huko). Mjue mapema kwamba sehemu ya kosa ni yangu. Mimi niliishia kidato cha pili, sikuwa nimewahi kufanyiwa usaili popote, kwa hiyo inawezekana nilichokiona cha ajabu ndiyo kawaida yao.

Nafasi ilikuwa ya mapokezi, kwenye nyumba ya kulala wageni huku Shanwe, Mpanda. Niliitaka kuliko ninavyoweza kuandika. Mwanangu Neema anakaa kwa mama yangu kule Mpimbwe, nami nilishamwahidi kwamba nikipata kazi ya mwezi kwa mwezi atakuja Mpanda tuishi wote, aanze shule hapa. Mtoto yule alishaanza kuaga wenzake kabla mimi sijaitwa hata kwenye usaili.

Nilifika asubuhi na viatu vya kuazima. Wasaili walikuwa wawili, meneja na mama mmoja mhasibu mwenye sauti ndogo, na wote wawili walikuwa wanakula mihogo ya kukaanga juu ya meza ileile yenye barua yangu ya maombi, ambayo ilishaingia mafuta mpaka maandishi ya nyuma yanaonekana mbele. Meneja alikuwa anaongea na simu, ameweka sauti ya juu, mtu wa upande wa pili anamlalamikia habari za ng'ombe wake waliokamatwa, na mhasibu ananiangalia viatu. (Niwatendee haki: walinikaribisha mihogo. Nikakataa, nikawaza labda kukataa ndiyo kosa la kwanza, nikachukua kipande kimoja, nikabaki nacho mkononi.)

Meneja akaziba simu kwa kiganja. "We binti, kabila gani?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema Mtanzania, tungecheka, yangeisha. Ningesema Mbende, maana mama ni Mbende na ndiye aliyenilea. Lakini nilikuwa nimemsikia akimwambia yule mtu wa ng'ombe "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya kwetu Wanyamwezi, nikajua huyu ni wa upande wa baba, ngoja nijisogeze. (Kumbe ni Mfipa kabisa, salamu ile alijifunza kwa wafugaji.) Nikasema, "Mnyamwezi, baba."

Akakata simu. Hakuaga, alikata tu, yule mtu yuko katikati ya sentensi.

"Mnyamwezi kwa baba au kwa mama?"

"Kwa baba."

Wakaangaliana. "Basi Mungu ametuletea," akasema mhasibu, taratibu, kama anaongea peke yake.

Mimi nikajua nimepata kazi.

Hawakuuliza cheti, hawakuuliza kama najua kuandikisha wageni. Meneja akasema twende mapokezi nikafanye kwa vitendo. Nyuma ya kaunta kulikuwa na kiti chenye mto uliobonyea katikati, chini yake ndala za bluu, ya kushoto imelika upande mmoja, na sweta la zambarau limening'inizwa kwenye mgongo wa kiti.

"Vaa," akasema meneja.

"Sisikii baridi, baba." Nje jua lilikuwa linachemsha.

"Ni sare," akasema mhasibu.

Nikavaa. Kwenye kola kulikuwa na unywele mrefu umejisokota, na lilinukia mafuta ya nazi. Nikawaza mwenyewe yuko likizo. Wakaniambia nivue viatu nivae zile ndala, nitembee mpaka mlango wa mwisho wa korido, na ule mguu wa kushoto niuburute kidogo.

"Kwa nini niuburute?"

"Wageni wamezoea hivyo."

Mtu mwenye akili zake angeuliza tena, lakini mimi nilikuwa namuona Neema na begi jipya mgongoni, nikauburuta. Korido ilikuwa na giza, mapazia yote yamefungwa na ni asubuhi, na ndala inalia shwaa, shwaa. Nikafika mlango wa mwisho nikasimama. Nyuma yangu ikalia shwaa, mara moja. Nikageuka, hakuna mtu. (Nilitaka kuamini ni mfagizi. Lakini mfagizi alitokea mbele yangu, chumba cha mwisho, akanitazama usoni, akashuka na macho mpaka kwenye ndala, akaweka ndoo chini, akafanya ishara ya msalaba, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nikadhani sweta limenikaa vibaya.)

Waliponirudisha kaunta wakanifundisha kukaribisha. "Karibu, umefika kwenu." Meneja ananikosoa: polepole, neno la mwisho lishushe. Nikarudia mpaka akafumba macho. Mhasibu alikuwa amegeukia ukutani.

Ndipo bajaji mbili zikasimama nje, wakashuka watu wa nguo nyeusi, mbele yao mama mtu mzima amejitanda kitenge. Mhasibu akaninong'oneza, "Hao wageni. Wapokee kama tulivyokufundisha."

Nikatoka nyuma ya kaunta, mguu nauburuta, muhogo bado mkononi, nikatabasamu. Nikakohoa kidogo, nikasema, "Karibu, umefika kwenu."

Yule mama alinikazia macho tu, halafu akasema kwa sauti ya kumwamsha mtu aliyelala, "Tekla?"

Nyie, niligeuka nyuma kuangalia anaitwa nani.

Meneja akajipenyeza haraka. "Ni mtani, mama. Mnyamwezi huyu. Kwenye mazishi hatukupata mtani, na toka siku ile humu ndani hatukai kwa amani."

Kwa asiyejua: Wafipa na sisi Wanyamwezi ni watani, angalau kwa upande wa kwetu ndivyo tulivyokuzwa, na kwenye msiba mtani anaruhusiwa kuvaa nguo za marehemu, atembee kama yeye, aongee kama yeye, mpaka waliolia wacheke. Ni jambo jema, sibishani nalo. Lakini mtani anajua anachokifanya. Mimi nilikuwa kwenye usaili. Tekla, naye Mfipa, ndiye aliyekuwa akikaa kile kiti, siku ile ilikuwa arobaini yake, mama yake na ndugu zake wametoka kwenye misa wanapitia vitu vyake, na mimi nimevivaa.

Kaka mmoja akasema, "Mtani gani anatetemeka? Mwambieni avue."

"Mwache," akasema mama yule. Akanisogelea. "Sema tena."

Nikasema. Akacheka, cheko fupi, machozi yanashuka. "Hivyohivyo. Na kikohozi chake."

Kikohozi hakuna aliyenifundisha. (Labda vumbi. Naandika labda vumbi.)

Akaniwekea kiganja shavuni. "Haya, nenda mwanangu. Umeshachoka." Alikuwa ananitazama mimi, lakini sidhani kama alikuwa ananiambia mimi.

Nikavua sweta, nikamkabidhi, nikavaa viatu vyangu. Mlangoni nikamuuliza meneja habari ya kazi. Akajikuna shingo. "Ile ilishapata mtu tangu jana, mpwa wake huyu mhasibu. Ila umefanya vizuri sana, dada." Niwatendee haki tena, alinishukuru, na mfagizi niliyekutana naye juzi sokoni aliniambia korido sasa imetulia kabisa. Alisema hivyo huku anarudi nyuma.

Nilipofika barabarani nitafute bodaboda, dereva akaniuliza, "Dada, mguu umefanyaje?" Nikatazama chini. Nilikuwa bado nauburuta, na sikujua.

Jioni mama akapiga simu, akampa Neema anisalimie. Nilitaka kumwambia mwanangu kwamba shule ya Mpanda bado, avumilie kidogo. Nikakohoa, na kabla sijafikiri maneno yakatoka yenyewe: karibu, umefika kwenu. Halafu nikamsikia Neema, ameondoa simu sikioni, anasema, "Bibi, huyu siyo mama."

Nimeapa nikiulizwa kabila tena kwenye usaili nitasema Mtanzania, nicheke, ninyamaze, na nikipewa sweta nitauliza la nani. Neema bado yuko Mpimbwe. Nampigia kila Jumapili, ananisikiliza kwanza kabla hajaitika, na mimi nasubiri kwanza kabla sijasema, nisikie ni sauti ipi inakuja.