Kamba ya Sista

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapahapa Endagikot, na punda ninayemsema yupo nyuma ya nyumba, ukitaka twende ukamwone. Nasema hivyo mapema kwa sababu nayajua macho ya watu. Hata mimi, mtu akija kunisimulia kisa cha namna hii ningemwuliza alikunywa nini kabla ya kulala. Mimi si mwepesi wa kuamini. Dukani nikinunua kiberiti nahesabu njiti. Nikitoka nyumbani, juu ya kufuli naongeza uzi wa sweta, nauvuta chini kabisa ya mlango ambapo mtu haangalii, ili nikirudi nijue kama kuna aliyefungua. Kwa hiyo nikikuambia nimeona, ujue nilikagua kwanza.

Punda huyo nilimpa jina la Sista, kwa ile rangi yake ya kijivu na anavyotembea ameinamisha kichwa kama anasali. Mimi ni mjane. Maji yako bondeni, mjini kwenye soko ni mwendo, na karoti na vitunguu saumu vyangu haviwezi kujipeleka. Sista ndiye mume, ndiye gari, ndiye ada ya watoto walioko shule ya bweni. Akipotea yeye, na mimi nimekwisha.

Nilimnunua mnadani huko Hanang, kwa bwana mmoja wa Masakta. Hapo ndipo nilipoharibu, ila sikujua. Labda kwenu hamna desturi hii: huku kwetu mnyama akiuzwa, kamba haiendi naye. Muuzaji anavua kamba yake anarudi nayo nyumbani, mnunuzi anamfunga kwa kamba aliyokuja nayo. Mimi desturi hiyo naijua tangu utoto. Tena nilikuwa na kamba yangu mpya ya katani kwenye mfuko. Lakini yule bwana alipoinama kufungua kamba yake, ya ngozi ya ng'ombe, nyeusi, imesokotwa ikasokoteka, mimi moyo ukaniambia: mama, angalia sana. Akibaki na kamba atamfanyia dawa, usiku wa pili punda anarudi kwao mwenyewe, na wewe unabaki unashangaa. Nikakataa. Nikasema punda na kamba, au simtaki. Yule bwana akashikashika ile kamba, akatazama chini.

"Mama, hii si yangu ya kutoa," akasema.

"Basi na punda baki naye."

Akaniachia. Nilimkazania, sitakudanganya. Nikaondoka nikijiona mjanja wa mnada mzima.

Sasa, Sista nilimdekeza. Kila shamba la karoti lina zile zenye miguu miwili au zilizopasuka, ambazo sokoni hazitazamwi. Hizo zilikuwa zake. Bwana mifugo alinifundisha: usimkatie mviringo, zitamziba koo, mkatie kwa urefu, vipande vichache tu, na umpe kwa kiganja kilichonyooka, vidole vyote chini, maana punda haoni vizuri kilicho mbele ya midomo yake, atang'ata kidole akidhani ni karoti. Vitunguu usimpe kabisa. Basi kila alfajiri kabla ya kumpakia madumu nilisimama naye bandani tukala wote, mimi kipande, yeye kipande. Ile midomo yake laini kwenye kiganja changu! Tangu mume wangu afariki hakuna kilichokuwa kinanigusa kwa upole kiasi kile.

Mwezi wa pili tangu nimnunue, asubuhi moja, akakataa karoti.

Nikadhani tumbo. Siku ya pili akakataa tena. Nikamnusa mdomo. Unajua harufu ya boga bichi likikatwa? Ndiyo hiyo. Nikainama na tochi ya simu nikaona mbegu chini, zina utelezi bado. Niambie wewe, nani anaamka kabla yangu kuja kumlisha punda wangu boga? Kwa upendo gani?

Jibu nilikuwa nalo. Wakati ule punda walikuwa wanaibiwa. Walikuwa wanakutwa porini wamechunwa ngozi, mizoga imeachwa kwa fisi. Mwizi mwenye akili havunji banda, anamzoesha kwanza. Leo boga, kesho boga, siku ya nne punda anamfuata mwenyewe. Na maboga mwezi huo kijiji kizima yalikuwa maua tu. Aliyekuwa na maboga ya mwaka uliopita, amehifadhi darini, nilimjua mmoja: jirani yangu Mama Bahati.

Nilikwenda kwake kabla sijanawa uso. Sitarudia niliyosema. Mama Bahati ndiye aliyenipikia uji siku zote za msiba wangu, na mimi nikamwuliza ngozi ya punda wangu ameshaahidi nani. Akapanda darini, akashuka na maboga mawili mazima, yana vumbi, akayaweka miguuni pangu.

"Haya, hesabu," akasema. "Tangu Krismasi ni mawili. Ukimaliza kuhesabu, nenda kwako."

Nikayageuza yote mawili kuangalia kama yamekatwa kwa chini. Ndiyo, niliyageuza, mbele yake.

Usiku huo sikulala ndani. Nilijifunika blanketi nikakaa nyuma ya rundo la mabua, panga mapajani. Ukungu wa huku kwetu Mbulu unaujua? Ule unaoshuka mpaka huoni mkono wako, halafu unafunguka kidogo, halafu unafunga tena. Jogoo walikuwa wameshawika na mwanga umeanza kuwa mweupe nilipomsikia Sista anatafuna.

Nakuapia, mlango wa banda sikuusikia. Niliinuka nikachungulia. Mzee mmoja mrefu, koti zito la zamani, kofia ya sufu, amesimama kichwani kwa punda wangu. Mkono wa kushoto ana kipande cha boga, cha njano kabisa. Anakikata kwa kisu kidogo, kwa urefu, anakiweka kwenye kiganja kilichonyooka, vidole vyote chini. Na Sista amefumba macho. Kwangu hajawahi kufumba macho.

Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa wivu. Hofu ilikuja nyuma yake.

"Shikamoo mzee," nikasema. Hata mwizi, akiwa na mvi unamwamkia kwanza.

Kimya. Nikarudia kwa sauti, "Shikamoo!" Kimya. Hapo mwili ukanisisimka. Mzee wa huku umwamkie mara mbili asikupe marahaba? Umewahi kuona? Mtu asiyeitikia salamu ana nia mbaya, au si mtu. Nikainua panga, nikapiga kelele, "Mwizi!" Hakushtuka. Alimaliza kumlisha, akapangusa kisu kwenye koti, ndipo akageuka akaniona. Akanitazama kwa adabu kabisa. Halafu akanyoosha kiganja kwangu, kitupu, na kwa kidevu akaonyesha ile kamba ya ngozi shingoni kwa Sista.

"Kamba haitoki!" nikamwambia. "Kamba ikitoka na punda katoka. Nenda, urudi na mwenyekiti wa kitongoji!"

Kiganja kikabaki palepale. Nikamtukana. Kikabaki. Alisubiri kama mtu aliyezoea kusubiri, kisha akaushusha mkono taratibu, akampapasa Sista katikati ya masikio, akazunguka nyuma ya banda. Nikamfuata mbio. Nyuma ya banda ni matuta ya vitunguu saumu, nilikuwa nimeyamwagilia jioni, udongo laini. Nilimulika kila tuta. Hakukuwa na wayo hata mmoja, na ukungu ulikuwa umefunguka mpaka nauona mti wa mwisho wa shamba.

Tangu siku ile Sista akaacha kula. Karoti, majani, pumba, vyote alivinusa tu. Maji kidogo. Mbavu zikaanza kuonekana, na mimi nikaanza kuteka maji kwa kichwa. Bwana mifugo akampima, akasema hana ugonjwa. Mimi nikasema hapana, yule bwana wa Masakta aliniuzia mnyama mbovu, na huyu mzee ni mtu wake, wamepanga. Nikapiga simu, haipatikani. Nikaamua kumfuata kwao.

Sasa sikiliza nilivyomwacha. Kwa watu wa kawaida ningemwambia jirani, naomba umtazame punda wangu, nitalala njiani. Lakini jirani ni Mama Bahati, na sikumwamini, na aibu nayo ilinizuia. Nikamfungia Sista bandani, kamba nikaifunga kwenye nguzo mara tatu, nikamwekea rundo la karoti na ndoo ya maji. Nikatia kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na rozari. Juu ya hayo nikafunga uzi wa sweta, mwekundu. Sikumwambia mtu yeyote.

Masakta nilimpata yule bwana anapalilia. Aliponiona akaweka jembe chini.

"Shikamoo mama," akasema. "Umeleta kamba?"

Sijasema neno bado! Nikasahau hata marahaba. Nilikuwa nimekwenda kugomba, nikajikuta nimekaa kwenye kigoda namweleza yote, koti, kofia, kisu, boga. Mke wake akaacha kupepeta, akajishika mdomo.

"Huyo ni baba," yule bwana akasema. "Tulimzika mwezi mmoja kabla ya mnada."

Akaniambia yule punda alizaliwa mikononi mwa mzee, na mzee alikuwa anatunza maboga juu ya dari mwaka mzima kwa ajili yake. Baada ya mazishi, kila asubuhi punda alikuwa anakuja kusimama mlangoni kwa mzee, anangoja. Mke wa yule bwana akashindwa kuvumilia, akasema muuze. Kamba aliisokota mzee mwenyewe. Ilitakiwa irudi.

"Mbona hakuitikia salamu?" nikauliza. Hilo ndilo lililokuwa limenikaa kooni.

"Mama, baba alikuwa kiziwi. Masikio yote mawili. Ukitaka kitu kwake unamwonyesha mkono, na yeye vilevile."

Kwa hiyo yale matusi yangu yote hakuyasikia. Alichoona ni mama mmoja ameshika panga, anakataa kumpa kitu chake. Nililia pale kwenye kigoda cha watu, bila aibu.

Niliahidi kuirudisha kamba wiki hiyohiyo. Lakini kurudi, mvua. Korongo likajaa, gari likasimama, tukalala njiani usiku mmoja, wa pili, wa tatu. Na mimi nimeketi kwenye kiti nashika ufunguo shingoni, nahesabu: ndoo ile inaisha siku moja. Amefungwa mara tatu, hawezi hata kulala vizuri. Na hakuna anayejua. Namba ya Mama Bahati niliijua kwa kichwa. Nikaiandika, nikaifuta. Siku ya tatu nikapiga. Hakupokea.

Nilifika nyumbani asubuhi, nakimbia, tope mpaka magotini. Kufuli limefungwa. Uzi wa sweta upo, fundo langu lilelile, nalijua. Nikaukata, nikafungua, nimejiandaa kuona mzoga.

Sista alikuwa amesimama katikati ya banda, huru. Amenenepa. Amini usiamini, ubavu hauonekani! Ndoo imejaa maji mpaka ukingoni. Midomo yake ya njano, na chini mbegu za maboga zimetapakaa. Nilikagua bati, nilikagua ukuta, nilikagua msingi. Hakuna tundu la kupita paka. Kamba ya ngozi haikuwepo, kwenye nguzo wala mahali popote. Karoti zangu zilikuwa zimelala vilevile nilivyoziacha, zimesinyaa.

Nikakata moja mpya, kwa urefu, nikaiweka kwenye kiganja, vidole vyote chini. Akainusa. Akanusa kiganja changu taratibu, mpaka kwenye kiwiko cha mkono. Halafu akageuza kichwa.

Huu ni mwaka wa tatu. Anafanya kazi zote, hana kinyongo na mzigo. Lakini mkononi mwangu hajala tena hata jani. Kwa Mama Bahati anakula. Nilimwomba radhi Mama Bahati mbele ya jumuiya, akasema yameisha, na nadhani kwake yameisha kweli. Sasa alfajiri namkatia karoti, nazipitisha juu ya uzio, yeye ndiye anampa. Nasimama pembeni, natazama Sista anavyofumba macho.

Basi wewe unayenisikiliza, siku ukinunua mnyama, uwe na kamba yako. Ya mwenyewe mwachie, hata kama moyo unakuambia anataka kukufanyia ujanja. Na ukimkuta mtu anamlisha mnyama wako kwa kiganja kilichonyooka, kabla hujaita mwizi, angalia kwanza kama anasikia.

Uzi wa sweta siku hizi sifungi. Siku Mama Bahati akisafiri, karoti naziweka chini, natoka nje, nageuza mgongo. Ndipo namsikia anatafuna.