Kadi ya Mfano Ukutani

Kila Septemba, kwa miaka kumi na tisa, Orysia Hrycak alibandika ukutani mwa darasa lake la biolojia kadi ileile ya mfano, ndogo kama kiganja, kisha akawaambia wanafunzi:

"Humo nimetia kosa moja kwa makusudi. Msinakili kadi ya mtu, hata yangu. Anayenakili anachosha mkono tu."

Shule yao huko Manitoba humruhusu mwanafunzi kuingia mtihanini na kadi moja ya maelezo, na kadi hiyo ndiyo iliyokuwa dini ya Orysia. Jiulize, jibu kwa maneno yako, funika, jijaribu tena. Alihubiri hivyo mpaka sauti ikakauka, na watoto wakaendelea kujaza vijiandishi kama mayai ya chawa ambavyo wenyewe hawakuweza kuvisoma. Kusema kweli, alikuwa amekata tamaa zamani. Alibaki na mazoea.

Kisha Novemba akahamia Kaylee Flett, binti kutoka kaskazini. Alitaka kusomea uuguzi, na chuo kilidai alama sitini na tano za biolojia. Huyu alisikiliza. Akaandika, akafuta, akafunika, akajijaribu hata saa ya chakula, mkate mkononi. Orysia akaanza tena kuja kazini na furaha.

Mitihani ya Januari ilisahihishwa na walimu wa shule nyingine, ikarudi kila karatasi ikiwa imebanwa pamoja na kadi yake. Kaylee alipata sitini na mbili. Swali la moyo, lenye alama nane, alikosa lote: damu itokayo mapafuni, aliandika, huingia moyoni upande wa kulia.

Orysia akaitazama kadi. Kosa lake mwenyewe la kadi ya ukutani lilikuwa pale, neno kwa neno, na chini yake penseli iliyofutwa ilisomeka bado: kushoto.

Alikimbilia kwa mkuu wa shule. "Alama zimeshapelekwa, Orysia," akajibiwa. "Pole."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema watu. Hiki alikichimba yeye, akatumbukia mtoto wa watu.

Akamwita Kaylee. "Mbona ulikuwa umepatia, ukafuta?"

"Si nililinganisha na yako ya ukutani, Mwalimu! Nikajiambia, wee Kaylee, tangu lini ukamshinda mwalimu kuujua moyo?"

"Ile ina kosa. Nililitia kusudi. Niliwaambia..." Akakumbuka. Aliwaambia Septemba.

"Mimi hukuniambia."

"Sikukuambia, mwanangu. Nilisahau. Ungeangalia tu vizuri hiyo kadi mtihanini, labda ungeona pale ulipofuta..."

"Kadi sikuiangalia kabisa, Mwalimu," Kaylee alisema, machozi yakimlenga. "Nilifunika nikajijaribu kila siku, kama ulivyonifundisha. Yote nilikuwa nayo kichwani."