Vichekesho vya Bi Mazali

Kicheko cha bibi yangu, Bi Zuhura, kilianza kama mluzi. Kwanza hewa ilimtoka puani, nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, kisha mabega yakatikisika, na mwisho kabisa ndipo sauti yenyewe ikatoka. Hapo kila aliyekuwamo katika fleti yetu ya Al-Nuzha, Jeddah, alijua kwamba Bibi amemkumbuka Bi Mazali. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Sikuwahi kumwona Bi Mazali hata kwenye picha, lakini nilimjua kuliko baadhi ya ndugu zangu waliokuja kula kwetu kila Idi.

Babu na Bibi walitoka Unguja mwaka 1964, na kabla ya kufika Jeddah walikaa Aden miaka michache katika chumba cha kupanga. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mazali, mshonaji, Myahudi wa hukohuko Aden. Bibi alikuwa na kitoto kichanga, ambaye ni baba yangu, na masanduku ambayo hakuwa na moyo wa kuyafungua. Bi Mazali naye alikuwa na masanduku yake, maana jamaa zake walikwisha anza kuondoka. Jumamosi ni siku yao ya mapumziko. Hawawashi moto, wala haifai kumwomba mtu waziwazi awawashie. Basi asubuhi Bi Mazali alisimama mlangoni, jasho likimchuruzika kwa joto la Aden, akasema, "Lo, leo nyumba yangu ina baridi!" Bibi akaelewa, akaenda kumwashia jiko, na ujira wake ukawa kichekesho kimoja.

Vilikuwa vyote vya nyumbani: mama na mwanawe, mkwe na mkwewe, chakula cha usiku wa Ijumaa ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikosa. Kuna kijana mmoja, alisema Bibi, ambaye mama yake alimwambia, "Mwanangu, usijichoshe kuja kwangu kila wiki." Yule kijana akamtii, akakosa wiki moja. Wiki ya pili akamkuta mama barazani, kaazima mikeka kumi. "Ya nini, mama?" "Ya matanga. Mtoto haji wiki nzima, basi ama umekufa wewe, ama nimekufa mimi na hakuna aliyeniambia." Bibi akimaliza alimtazama baba yangu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kulala nje ya nyumba ya mama yake zaidi ya siku tatu, na baba akainamisha kichwa kama aliyekamatwa na kosa.

Mwaka ule, mara baada ya Idi, tulipata posa. Shangazi yangu Nadia alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu, mwenye maneno mengi kiasi kwamba hata redio ikiwashwa ilionekana inamwingilia kati. Mchumba aliitwa Hafidh, mhandisi, Mzanzibari mwenzetu wa Riyadh. Shangazi alikwisha ongea naye kwa simu mara mbili na tayari alikuwa akijipaka hina bila sababu. Kilichobaki ni mama yake Hafidh, Bi Ruqaya, kuja kumwona msichana. Habari zake zilitutangulia: mwanamke mkavu, hacheki ovyo, na posa mbili za mwanawe alikwisha zivunja mwenyewe.

Baba alikuwa karani bandarini, mtu wa mihuri na nakala tatu, na wasiwasi ulikuwa ndio kazi yake ya pili. Asubuhi ya Alhamisi ile alisimama katikati ya sebule huku udi ukifuka na maandazi ya hiliki yakipoa mezani. "Mama," alimwambia Bibi, "leo Bi Mazali, halas, basi. Watu wa Riyadh hatuwajui. Ukitaja Myahudi mbele yao, sijui watatufikiria vipi."

"Nitataja nani basi?"

"Usitaje mtu. Kaa kimya tu."

"Kimya?" Bibi aliuliza, kana kwamba ametajiwa ugonjwa.

Wageni walikuja alasiri. Wanaume waliingia chumba cha mbele na baba, sisi wanawake tukabaki sebuleni. Bi Ruqaya alikaa wima kwenye ncha ya kochi, abaya yake haina hata kunyanzi, akaanza kuuliza. Anajua kupika? Bibi akajibu, anajua. Kushona? Anajua. Shangazi akaanza kueleza alivyojifunza kushona, na mwalimu aliyemfundisha, na paka wa mwalimu huyo, mpaka chai ya Bi Ruqaya ikapoa mkononi.

"Na kunyamaza?" aliuliza Bi Ruqaya. "Anajua kunyamaza?"

Nilimwona Bibi akikaza midomo. Nikausikia ule mluzi unaanza puani. Alijitahidi, wallahi, nilimwona akijitahidi, mpaka akanywa maji.

"Kuna mama mmoja aliulizwa hivyohivyo," akasema. "Alikuja mama wa upande wa kiume, akauliza kama binti anajua kunyamaza. Mama wa binti akajibu, 'Angejua kunyamaza, tungekaa naye wenyewe.' Basi yule mama wa kiume akafikiri, akasema…"

Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya maandazi, na furaha ilinipanda kichwani. Nilikijua kichekesho kile, na sikuweza kujizuia kuonyesha kwamba nakijua. "Hicho ni cha Bi Mazali!" nilisema kwa nguvu. "Yule Myahudi wa Aden!"

Mazungumzo ya chumba cha mbele yalikatika. Shangazi alifumba macho. Bi Ruqaya aliweka kikombe chini, akatengeneza mtandio, na baada ya dakika kumi za maneno ya adabu wageni wakaaga kuwahi ndege.

Siku tano hakuna aliyepiga simu. Shangazi alinyamaza kabisa, na ukimya wake ulitisha zaidi ya maneno yake; nilikuwa nikipita mlangoni kwake kwa ncha za vidole. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniliza. Baba alimwambia Bibi, "Umeona, Mama?" Bibi akamjibu taratibu, "Aden sikuwa na mtu. Yule ndiye aliyenifanya nicheke mara ya kwanza tangu tutoke kwetu. Simkani kwa ajili ya mkwe."

Siku ya sita simu ya sebuleni ililia. Alikuwa Bi Ruqaya. Bibi alibonyeza kipaza sauti, sote tukaizunguka simu.

"Bi Zuhura," sauti ilisema, kavu kama kawaida, "yule mama wa kiume alijibu nini?"

"Mama yupi?"

"Wa kichekesho! Umenikatia njiani, mtoto akaingilia. Silali. Nimemhadithia dada yangu naye hakupata usingizi."

Baba alifanya ishara za mikono, mwambie, mwambie. Bibi alijiegemeza kwenye kochi kama mwenye nyumba. "Hayo hayasemwi kwa simu," alisema. "Njoo Jeddah nikumalizie."

Alikuja Alhamisi iliyofuata, na Hafidh mwenyewe akiendesha gari kutoka Riyadh, mwendo wa saa tisa. Hata abaya hakuvua. "Haya, yalla."

"Yule mama wa kiume akasema," Bibi aliendelea palepale alipokatizwa, "'Wangu naye hasikii. Wataelewana.'"

Bi Ruqaya alijifunika mdomo kwa mtandio. Kisha kitu kikapasuka ndani yake, akalala ubavu kwenye kochi, akipiga mto kwa kiganja. "Ni Hafidh! Wallahi ni Hafidh wangu kabisa! Namwita mara nne!" Posa ilikubaliwa kabla chai haijamiminwa.

Bibi amekwisha tangulia mbele ya haki. Mimi sasa ninaishi Riyadh, ninafanya kazi ofisini mtaa wa Olaya, na asubuhi ndani ya metro simu yangu hujaa vichekesho vya kundi la familia. Vinafika vingi kuliko alivyowahi kusimulia Bibi, na ninavicheka, lakini ukiuliza nani kasema kwanza, hakuna ajuaye. Isipokuwa siku ile ya posa, Bibi hakuwahi kusimulia bila kumtaja mwenye kichekesho. Wiki iliyopita nilimsimulia binti yangu kile cha mikeka ya matanga. Alicheka, kisha akauliza Bi Mazali ni nani kwetu. Nilifikiri nianzie wapi: Aden, masanduku, jinsi sisi tulivyofika huku na wao huko ambako hatujui. Nikamwambia ni jirani yetu.